Siku Tuliyotafuna Mchele

Sayansi yangu niliisoma kwenye kitabu kisicho na jalada. Nilikinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa anatandika vitabu chini, kwenye ngazi za duka Old Kampala. Kilikuwa kitabu cha bayolojia cha sekondari, kinaanzia ukurasa wa tisa na kinakatika katikati ya figo. Chochote mwili wa binadamu unachofanya kabla ya figo, niulize mimi. Baada ya figo sijui, na sitakudanganya. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari kwa sababu ya mdomo: nilimwambia mwalimu wa hesabu kwamba jibu lake ubaoni si sahihi, na kweli halikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonifukuzisha. Kwa hiyo nikiwa msichana wa miaka ishirini, yote niliyoyajua yalitoka kwenye kile kitabu, na kila siku niliyamwaga kazini, mtu atake asitake.

Kazini kwenyewe tulikuwa tunashona yunifomu za shule, ghorofa ya pili ya nyumba ya zamani ya Wahindi, chini kidogo ya msikiti mkubwa. Tulikuwa watu tisa pamoja na mwenye karakana. Yeye tulimwita Madamu. Alitoka Kenya, upande wa Kakamega, alikuwa mlokole wa kuombea hata pasi kabla haijapata moto, na Luganda ilimshinda miaka yote. Wengi wetu tulikuwa wake au watoto wa askari, watu wa kaskazini, tuliokaa kambi ya polisi upande wa Nakawa, ambako watu wanagombania foleni ya maji kwa Kiswahili. Basi karakana nzima ilikwenda kwa Kiswahili, kila mtu na cha kwake. Kikivunjika tunaokota vipande tunaendelea.

Aliyenifundisha cherehani ni Dada. Si dada yangu wa tumbo moja. Tulikuwa majirani kambini, na yeye ndiye aliyeniombea kazi. Wiki yangu ya kwanza niliharibu kola za shati ishirini, zote zikaangalia nyuma kama zinamtafuta mtu. Dada alikaa saa za chakula, siku mbili, akazifumua moja moja kwa wembe, akazishona upya, akamwambia Madamu kitambaa kilikuwa na shida. Tangu siku hiyo, ukimgusa Dada umenigusa mimi, na mimi sigusiki. Amesema haya niyaandike, ila jina lake nisiliweke. Siliweki la mtu yeyote.

Kuna jambo lake nililolijua mimi karakana haikulijua. Dada alitoka kaskazini akiwa msichana, wakati wa vita, na aliyoyaona huko hajawahi kunisimulia yote. Yaliyobaki alikuwa anayapigia kelele usingizini. Kwao walisema ni cen, roho ya mtu aliyeuawa vibaya inayokuja kumkalia aliye hai. Wakachinja mbuzi. Roho ikala mbuzi ikabaki. Wachungaji wakaweka mikono, wakasukuma kichwa mpaka shingo ikauma. Hakulala. Mwishowe nesi mmoja wa zahanati ya kambi akamwandikia barua ya kwenda ile hospitali ya magonjwa ya akili, ile ambayo watu wa Kampala wakiitaja wanazungusha kidole karibu na sikio. Huko akapewa vidonge vidogo vya kumeza kila jioni. Akalala. Mara ya kwanza alilala mpaka mumewe akamwamsha kuangalia kama yuko hai.

Kila mwezi nilimsindikiza kuchukua dawa, na kazini tulisema tumekwenda kununua uzi. Mumewe alijua. Wengine hapana. Na kwa Madamu ilikuwa hatari kabisa, kwa sababu mwaka uliopita msichana mmoja alianguka kifafa pale kwenye meza ya pasi, na Madamu akamwachisha kazi siku hiyo hiyo, kwa machozi na Biblia mpya, kwamba hawezi kuweka mapepo karibu na mashine za umeme. Nilisema sana siku ile. Nilitaja ubongo, nilitaja neva. Madamu akaniambia, "Mtoto, wewe soma hicho kitabu chako umalize, halafu ndio tuongee."

Vile vidonge vilikuwa na ubaya mmoja tu: vilimkausha mdomo. Nesi alinieleza, maana kitabu changu hakikufika huko. Kwa hiyo Dada aliweka chupa ya maji kwenye mashine asubuhi mpaka jioni, anashona mguu wa suruali, anapiga funda, anashona mwingine. Walimwita Rejeta, kama ya gari inayojazwa maji kila kituo. Hakukasirika. Mimi nilikasirika kwa niaba yake.

Sasa, mkasi. Madamu alikuwa na mkasi mkubwa wa chuma aliorithi kwa baba yake, aliyeshona miaka mingi kwa Mhindi mmoja Kisumu. Ulining'inia kwenye msumari wake peke yake, na aliyeruhusiwa kuushika ni fundi wa kukata tu, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande. Mimi na Afande hatukupatana. Aliamini mtu akipita juu ya kitambaa chake kilicholala chini, yunifomu itambana mtoto shuleni. Nilimwambia kinachombana mtoto ni vipimo vyake yeye Afande. Ilikuwa hivyo kila wiki.

Jumatatu moja msumari ukawa mtupu. Tukapekua mabaki ya vitambaa, tukahamisha mashine, tukamwaga pipa la taka. Siku tatu. Madamu akawa analia huku anapima marinda.

"Tuite polisi," Afande akasema.

Watu wanne wakakohoa. Karakana ambayo nusu yake inalala nyumba za polisi haiiti polisi. Wakija watakuwa ni waume zetu.

Alhamisi mchana Madamu akasimama katikati ya mashine, akaomba zizimwe.

"Kesho kuna mtu anakuja," akasema. "Na nisikieni vizuri, si mganga. Mimi nimeokoka, siwezi kuingiza mganga kwa biashara ya Bwana. Huyu ni mtafiti. Ako na kadi."

Kadi ikazungushwa. Iliandikwa: Profesa, Uchunguzi wa Ukweli, Mapenzi, Ardhi na Figo. Nikasema basi huyu amenizidi, yeye figo amezimaliza.

"Wewe cheka," Madamu akasema. "Kesho utatafuna mchele kama wengine."

Akaeleza. Kila mtu atatafuna kijiko cha mchele mbichi mbele ya Profesa, halafu atatema. Asiye na kosa, mchele unatoka umelowa. Mwizi, unatoka mkavu. Na Profesa ameagiza kwamba tangu asubuhi mtu asitie kitu mdomoni, hata maji, kwa sababu maji yanaficha uongo.

Niligeuka nikamwangalia Dada. Mkono wake ulikuwa kwenye chupa. Aliuondoa polepole, kama mtu aliyeambiwa anashika kitu kisicho chake.

Tulikaa kwenye ngazi saa ya chakula.

"Leo jioni usimeze," nikamwambia.

"Halafu?"

"Siku moja tu, Dada. Kesho usiku unaendelea."

"Wewe unajua siku moja yangu ikoje? Hukai ndani kwangu." Alikuwa anakunja na kukunjua karatasi ya chapati. "Na daktari alisema hata nikiruka moja, ule ukavu hautoki kesho yake."

"Basi mimi nitawaambia. Naanza na tezi za mate, ukurasa wa arobaini na mbili, halafu naingia kwenye dawa taratibu."

"Dawa za wapi?"

"Za presha."

"Madamu mwenyewe ana presha. Ataomba aone kidonge, alinganishe na chake."

Nilikaa nikitafuta. Hakuna dawa ya binadamu ambayo Madamu hakuwa nayo kwenye mkoba.

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Unyamaze."

"Mimi?"

"Wewe. Nikifukuzwa kama mwizi, nitatafuta kazi kwingine. Nikifukuzwa kwa lile lingine, kambi nzima itajua kabla sijafika nyumbani, na mama mkwe atakuja kuchukua watoto. Niapie."

"Mimi siapi. Mimi ni mtu wa sayansi."

"Niapie kwa hicho kitabu basi."

Nikaapa, mkono juu ya kitabu, nikijisikia mjinga.

Profesa alikuja Ijumaa saa nne na koti jeupe la daktari na mkoba wa ngozi. Kwenye mkoba alitoa mchele ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, majani ya ndizi yaliyokatwa vipande sawasawa, kijiko, na kipimajoto. Kipimajoto hakikupima kitu mwanzo mpaka mwisho. Alikiweka tu mezani tukione.

Madamu akaomba kwanza, akaubariki mchele kwa jina la Yesu, Profesa akaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

"Mimi si mganga, banange," akaanza. Alikuwa Mganda wa Nateete, na Kiswahili chake kilibadili l kuwa r bila kuomba ruhusa. "Mganga anabahatisha. Mimi natumia sayansi. Mchere huu umefanyiwa utafiti. Umewahi kukosea? Hapana. Kwa nini? Kwa sababu mate ya mwizi yanakimbia ukweri."

Kilichoniuma ni kwamba hakuwa anadanganya kabisa. Ningependa angekuwa mwongo mzima, ningemla mbichi. Ila iko kwenye kitabu: mtu akiogopa, mate yanapungua, kwa sababu mwili unajiandaa kukimbia, na ukikimbia huna haja ya kusaga chakula. Mzee yule alikuwa ameiba nusu ya ukweli akaivalisha koti jeupe. Mchele haujui mkasi. Mchele unajua hofu tu. Mwizi asiyeuamini atautafuna kama wali wa sikukuu, na mtu safi anayetetemeka atakamatwa.

Na mtu anayemeza vidonge fulani atakamatwa hata kama hatetemeki.

Afande akaanza. Alitafuna amesimama wima, macho mbele, Profesa anahesabu mpaka thelathini. Akatema, ukatoka umelowa vizuri. Akafuata msichana wa vifungo, wakafuata wawili wa ovaloki, mashine ya kuziba kingo, na wawili wa pasi, wote wazuri. Mimi nilitema uji. Hasira inanipa mate, sijui kwa nini, labda iko baada ya figo.

Dada akaja wa nane, wa mwisho. Alitafuna taratibu, macho ameyafumba. Profesa alipofika thelathini, akainama kwenye jani lake, akafungua mdomo, na mchele ukaanguka punje punje, mweupe, mkavu. Tuliusikia ukigonga jani.

Msichana wa vifungo, ambaye mtoto wake amelala mgongoni kwa Dada mwaka mzima huku mama mtu akishona, alivuta kigoda chake pembeni. Kidogo tu. Wengine nao wakavuta.

"Wewe?" Madamu akasema. "Hata wewe?"

"Sikuchukua, Madamu."

Hata sauti ilikuwa kavu. Profesa akaanza kurudisha vitu vyake mkobani kama daktari aliyemaliza zamu.

Nilisimama. Sentensi nzima ilikuwa imefika kwenye meno, na dawa yake, na hospitali yake. Dada akaniangalia. Hakutikisa kichwa, hakukonyeza, aliniangalia tu. Nikaimeza. Ndipo nikajua kwamba siku ile nilikuwa na mate ya watu wawili.

"Rudia," nikasema.

"Nini?" Profesa akauliza.

"Jaribio. Jambo likiwa la kweli leo saa nne, saa tano pia litakuwa la kweli. Rudia tuone."

"Mchere haurudiwi, nyabo. Mizimu ikishasema, imesema."

"Mizimu? Si umesema sayansi?"

Madamu akageuza shingo. Aligeuza shingo tu, mwili ukabaki ulipokuwa.

"Mizimu gani?" akauliza.

"Ni neno ra kitaaramu," Profesa akasema.

"Rudia," Madamu akasema.

Hapo nilifanya jambo ambalo mpaka leo nalifikiria. Nilijua mchele unakula hofu, basi nikaamua kuulisha.

"Sawa, Profesa," nikasema kwa adabu, adabu iliyomfanya Afande anitazame kwa mashaka. "Kabla hatujaanza, waeleze watu. Huu mchele unajua mkasi peke yake, ama unajua kila kitu?"

Sasa mtu anayeuza mchele wa ukweli angesemaje? Kwamba mchele wake mdogo? Akavuta koti.

"Kira kitu."

"Hata uzi?"

"Hata uzi."

"Kitambaa kilichobaki, ambacho hakikubaki?"

"Hata sindano moja. Mchere unaona."

"Na waume za watu?"

"Hao ndio unaanza nao."

Ungeona nyuso. Hakuna fundi yunifomu Kampala nzima asiye na kitu. Afande watoto wake watatu walikwenda shule na kaptula za kaki ambazo hakuna mzazi aliyezilipia. Msichana wa vifungo, hata gauni lake alilovaa siku ile lilikuwa na vifungo vya shule ya wasichana. Mmoja wa ovaloki alianza kulia kabla ya kupewa kijiko, na mpaka leo sijauliza ni kwa sababu ya uzi au ya mume wa nani.

Tukatafuna tena. Wa Afande ukatoka kama kokoto. Vifungo mkavu. Ovaloki na pasi, wote wanne, mkavu. Nikaja mimi, msomi wa tezi za mate, ninayejua zinakaa wapi na zinafanya nini, niliyeutega mtego wenyewe. Na mdomoni mwangu kukawa hakuna kitu. Nilikumbuka rili mbili za uzi mweusi zilizo chini ya kitanda changu, nikaanza kujiambia haiwezekani mchele ukaona chini ya kitanda, na kadiri nilivyojiambia ndivyo ulimi ulivyoshikana na meno. Nilitema unga mkavu. Nilikasirika mpaka nikataka kujipiga.

Wa Dada ukatoka mkavu vile vile, lakini sasa nani angemtambua.

"Na Madamu," Afande akasema.

"Mimi?"

"Kila mtu, Madamu. Amri ni amri."

Madamu alitafuna akiangalia dirishani. Ile wiki tulikuwa tunashona sketi za shule moja iliyoagiza marinda manane, sisi tunaweka sita. Mchele wake ulitoka kama ulivyoingia. Nafikiri ungeweza kurudi dukani.

Majani tisa, makavu tisa. Tukamgeukia mwenye mchele.

"Mimi nina jino bovu," Profesa akasema.

Afande akajaza kijiko, akakinyoosha mbele kwa mkono ulionyooka. "Tafuna, Profesa. Mimi ndio nitahesabu."

Alitafuna mpaka kumi na mbili, ukampalia, akakohoa machozi yakamtoka, akaanza kuonyesha ishara ya kuomba chupa ya Dada.

"Maji yanaficha uongo, ssebo," msichana wa vifungo akamwambia.

Alipopata pumzi alitoa uamuzi wake, na nampongeza, hakusita. "Basi mkasi mriiba wote. Kwa pamoja."

"Mimi niibe mkasi wa baba yangu?" Madamu akauliza.

"Inatokea," Profesa akasema. Halafu akaona uso wa Madamu, akasema labda mchele ni wa zamani, akashuka ngazi.

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Vigoda vikarudi vilipokuwa. Nilidhani nimeshinda.

Alasiri Madamu akaniita stoo ya vitambaa, akafunga mlango, akakalia robota la kaki.

"Mara ya pili ulitutisha," akasema. "Nimeona. Mimi si mjinga."

"Ndiyo, Madamu."

"Lakini mara ya kwanza hukututisha. Na mara ya kwanza ni yeye peke yake." Aliongea chini chini. "Mimi namtaka huyo mama abaki. Nimekaa naye miaka sita. Lakini nikilala nitauona ule mchele. Wewe ndiye unatusumbua kila siku hapa na ukweli, ukweli. Hebu niambie ukweli. Chochote utakachosema nitakiamini. Kwa nini mdomo wake umekauka?"

Huko ndani kulikuwa na joto na harufu ya kitambaa kipya. Miaka mitatu nimepigana na yule mama kuhusu mapepo, kifafa, malaria ya kurogwa, na kope kucheza. Miaka mitatu sijashinda hata moja. Leo amekaa mbele yangu anaomba. Na jibu ninalo, jibu zuri, la kweli kabisa, la kisayansi, linalomsafisha Dada mara moja. Na likitoka, Dada atapata ya yule msichana wa kifafa: machozi, Biblia mpya, ngazi.

"Amefunga," nikasema.

"Amefunga?"

"Siku saba, leo ya tano. Kavu, bila maji. Anauombea mkasi wako urudi. Hakutaka mtu ajue, ndio maana chupa iko pale pale mezani, kuficha."

Ulikuwa uongo mbovu. Hauna hata mantiki: binadamu siku saba bila maji, ukurasa wa sitini unakataa. Na Madamu aliniambia ataniamini nikisema ukweli, lakini nikamwona anavyoamini uongo, nikajua ukweli usingepata hata robo ya ile imani. Uso ulifunguka. Akalia. Alitoka stoo akaenda kumkumbatia Dada juu ya mashine inayozunguka.

Jioni, tukivuka barabara kwenda stendi, Dada akanishika mkono.

"Umenifanya mtakatifu," akasema. "Bora ungenifanya mwizi. Mwizi angalau anapumzika Jumatano."

Maana Madamu alikuwa ameshatangaza: kila Jumatano saa sita, Dada ataongoza maombi ya karakana.

Wiki iliyofuata mwalimu mkuu wa shule moja akapanda ngazi na mkasi kwenye gazeti. Ulikuwa umefungwa ndani ya gunia la sweta tulilompelekea, na aliyefunga gunia alikuwa ni Madamu mwenyewe, kwa mikono yake. Ningefurahi mtu yeyote aone hilo. Hakuna aliyeliona. Waliona maombi yamejibiwa. Na huko Nateete, nilisikia, Profesa anawaambia wateja kwamba mchele wake uliwahi kurudisha mkasi kutoka shule ya mbali.

Basi Dada akaanza kuombea watu. Mume asiyerudi, mtoto anayeanguka mitihani, cherehani inayokata uzi. Cherehani alikuwa anaipaka mafuta kimya kimya kabla ya kuomba. Mimi nilikaa nyuma nikiwa nimejaa maneno kama puto, na sikuweza kutoa hata moja, maana kanisa lile nililijenga mimi.

Baada ya miezi kama miwili hivi, Jumatano moja baada ya maombi, Afande akabaki. Akavua kofia. Nilikuwa pale nafagia mabaki, hakunifukuza.

"Mama," akamwambia Dada, "omba kwa mimi. Mimi silali. Nikifunga macho kuna watu wanakuja. Nawajua wote."

Afande alikuwa kwenye vita hivyo hivyo vya kaskazini, upande wa jeshi. Sisi wote tulijua na hakuna aliyewahi kulisema mezani. Dada akazungusha gurudumu la mashine kwa mkono mpaka sindano ikapanda juu. Nikafikiri atamwambia akaombewe na hao hao wanaokuja.

"Wako wangapi?" akamuuliza.

"Saba."

"Wanaongea?"

"Wanaangalia tu."

"Kesho uje mapema," Dada akasema. "Mimi watu wa usingizi siwaombei hapa. Wana mahali pao."

Tulikwenda watatu. Afande alivaa suti na tai, na Agano Jipya dogo mfukoni. Tulipoingia geti la ile hospitali alivua kofia. Alipoona foleni, madaftari, na watu wameketi kwenye benchi ndefu za mbao, akaniegemea.

"Kanisa liko wapi?"

Nilikuwa na hotuba nzima tayari, ya usingizi, ya ubongo, ya kumbukumbu, maana siku hizo nilikuwa nimepata kitabu kingine kinachofika mbali. Dada akanikanyaga mguu.

"Kaa," akamwambia Afande. "Watakuita."

Akakaa na kofia magotini. Nesi akatoka chumbani, akapita watu wote, akamsalimia Dada kwa kumwita mama fulani, akamuuliza watoto hawajambo, akamuuliza dawa bado zinamkausha mdomo vile vile au zimepoa. Dada akasema zimepoa kidogo. Wakaingia pamoja kuandika daftari.

Afande aliutazama mlango. Niliona anavyohesabu: chupa, mchele, vigoda vikivutwa, mimi nimesimama.

"Wewe ulijua hii?"

"Nilijua."

"Hata ile siku?"

"Hata ile siku."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

"Wewe?"

Akageuza kofia magotini, akaigeuza tena.

"Mimi nimeombewa Gulu," akasema, "nimeombewa Nakawa, nimeombewa na askofu mzima. Huu ndio muujiza wa kwanza nimeona."

Nilitaka kumwambia kwamba hakuna kitu kinaitwa muujiza, kuna mambo ambayo bado hatujasoma ukurasa wake. Lakini mlango ulifunguka, Dada akatoa kichwa, akamwita aingie, na Afande akasimama wima kama siku ile, macho mbele, akanipa kofia yake nimshikie.